Siku tano ndani ya korongo la Zambezi, safari inayosubiri hukumu ya bwawa

MTU anayesimama juu ya daraja linaloziunganisha Zambia na Zimbabwe, mita 128 juu ya Mto Zambezi, huona chini yake vitu vidogo vya rangi vikielea mithili ya maganda ya matunda yaliyotupwa majini. Kila ganda ni mashua ya mpira iliyojazwa upepo, na ndani yake mna watu saba au wanane waliovaa helmeti na majaketi ya kuokoa maisha, kila mmoja ameshika kafi. Wengi wao watapanda kutoka korongoni kabla ya jua kutua na kwenda kuoga hotelini. Wachache wataendelea kuteremka na mto kwa siku tano, usiku wakilala juu ya mchanga, hadi mahali ambapo Mto Matetsi wa Zimbabwe unaingia Zambezi.

Safari hiyo ya siku tano ni ya aina ambayo mito michache tu barani Afrika inaweza kuitoa. Huenda pia isidumu, kwa kuwa serikali za nchi hizo mbili zimekusudia kwa miaka mingi kujenga bwawa la umeme katika korongo lilo hilo.

Mchezo wenyewe si mgeni kwa Wakenya. Wengi waliowahi kuujaribu waliujulia katika Mto Tana karibu na Sagana, ambako mtu huingia majini asubuhi na jioni akawa njiani kurudi Nairobi. Hata hivyo, safari ya siku nyingi ni jambo jingine kabisa. Chakula, mahema, dawa, sufuria na maji ya kunywa lazima viteremke pamoja na abiria katika mikondo ile ile inayompindua abiria. Kuta za korongo zimesimama wima pande zote mbili na hakuna barabara. Anayechoka siku ya pili hana matatu ya kusimamisha.

Ili kuelewa kwa nini mto huu ni mkali kiasi hicho, yafaa kuanza na mwamba. Eneo zima limetandikwa mwamba mweusi wa volkano ulioganda takriban miaka milioni 180 iliyopita. Mto ulitafuta nyufa katika mwamba huo na kuzichimba, na kila ulipochimba, maporomoko yenyewe yalirudi nyuma hatua kwa hatua. Maporomoko ya Victoria yanayoonekana leo, yenye kimo cha mita 108 na upana wa takriban kilomita 1.7, ni kituo cha karibuni tu katika safari hiyo ndefu ya kurudi nyuma. Makorongo ya kupindapinda yaliyo mbele yake ni alama za vituo vya zamani. Wenyeji huyaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua neno la kwanza.

Baada ya kuanguka, mto uliokuwa na upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu hulazimika kupita katika mfereji ambao mahali pengine mtu hodari angeweza kurusha jiwe hadi ng'ambo. Maji yasipopata nafasi ya kutanuka hupanda juu na kuongeza kasi. Panapokuwa na mawe yaliyoanguka kutoka kwenye kuta, huzuka mkondo mkali. Kuanzia chini ya maporomoko, mikondo 25 ya kwanza imepewa nambari, na mingi ina majina ya Kiingereza ya kutisha au ya mzaha ambayo manahodha hukariri kama mtoto anavyokariri majina ya miezi.

Majira nayo yana utaratibu wake. Zambezi huanzia kaskazini magharibi mwa Zambia, hupita Angola, hurudi Zambia, kisha hutandaa katika nyanda za Barotse kabla ya kuyafikia maporomoko. Mvua inayonyesha huko juu huchukua majuma mengi kufika mjini Livingstone. Ndiyo maana mto hufurika Machi na Aprili, wakati mvua za eneo lenyewe zinakaribia kwisha, na maji hupungua kabisa mnamo Oktoba na Novemba, jua likiwa kali. Mgeni hudhani kwamba maji mengi ndiyo yenye mikondo mikali zaidi. Sivyo. Maji yakijaa hufunika mawe na kuifuta mikondo mingi ya juu, yakabaki yanazunguka kwa nguvu isiyoonekana, na yakizidi kiwango safari husimamishwa. Ni kuanzia Agosti hadi Desemba, maji yakiwa machache, ambapo ngazi za mto hufunuliwa na safari za siku nyingi hufanyika.

Kote duniani mikondo hupangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la sita. La kwanza ni maji yanayosogea tu. La tano ndilo la juu kabisa ambalo kampuni za utalii huwapitisha wateja, na Zambezi ina mikondo kadhaa ya daraja hilo. La sita huhesabiwa kuwa halipitiki kwa biashara.

Kinachowawezesha watu wasio na uzoefu kupita mahali kama hapo ni sifa moja ya mto huu. Baada ya karibu kila mkondo hufuata kidimbwi kirefu cha maji matulivu. Aliyetupwa nje huibuka hapo, mashua iliyopinduka hugeuzwa hapo, na watu huhesabiwa hapo kabla ya mkondo unaofuata. Isitoshe, maji ya korongo ni ya kina kirefu, hivyo mara nyingi anayeanguka huogelea juu ya mawe badala ya kugongwa nayo. Mto mwembamba na wenye kina kifupi unaweza kuonekana mpole na ukawa hatari zaidi.

Kafi na kasia

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu wa bara huyachanganya, na katika safari hii tofauti yake huonekana. Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kuegemezwa popote. Kasia ni refu na hufungwa kwenye ubavu wa chombo. Mashua za abiria huendeshwa kwa makafi: abiria huketi juu ya kingo za mashua, watatu au wanne kila upande, na nahodha hukaa tezi akielekeza. Mashua ya mizigo huendeshwa kwa makasia mawili marefu na nahodha aliyeketi katikati. Hiyo ndiyo inayobeba makasha ya barafu yenye nyama na mboga, mahema, na magunia yasiyopenya maji yenye nguo za watu. Kila kitu hufungwa kwa mikanda kana kwamba mashua itapinduka, kwa sababu huenda ikapinduka kweli, na kopo la unga lililoachwa bila kufungwa ni mlo wa jioni uliokwisha kuliwa na mto.

Mashua yenyewe si puto moja. Imegawanywa vyumba kadhaa vya upepo ili kimoja kikipasuka vingine viielee. Sakafu yake pia hujazwa upepo na ina matundu pembeni, ndiyo sababu maji yanayoingia hutoka yenyewe bila mtu kuyakumba kwa ndoo.

Amri za nahodha ni chache: mbele, nyuma, simama, chini. Inaposikika ya mwisho, kila mtu huchutama ndani ya mashua na kushika kamba. Kuna nyingine inayopingana na hisia za kawaida. Mashua inapoinuka upande mmoja kwa kugonga wimbi au mwamba, mtu hutamani kukimbilia upande ulio chini, ulio karibu na maji. Amri humtaka ajitupe upande ulioinuka, ili uzani wa watu wote uurudishe chini. Mashua nyingi hupinduka kwa sababu watu wawili tu walichelewa kutii.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya mashua kuachiliwa, mafunzo hufanyika katika maji matulivu. Anayeanguka hufundishwa kulala chali, miguu ikitangulia kuelekea mto unakokwenda na vidole vya miguu vikiwa juu ya maji. Hatakiwi kujaribu kusimama hata kama anaona chini, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe nguvu ya maji humlaza kifudifudi na jaketi haliwezi kumsaidia. Asiogelee kupingana na mkondo. Asubiri kamba. Kila nahodha ana mfuko wenye kamba inayoelea ya takriban mita 20, na hufunzwa kuurusha hadi uwe unafika penye mkono wa aliyeanguka. Pembeni huwapo waokoaji katika kayaki, vyombo vyembamba vya mtu mmoja, ambao hutangulia kushuka kila mkondo na kungoja chini.

Kuna mahali ambapo ujuzi wote huo huwekwa kando. Mkondo nambari tisa huitwa Commercial Suicide, yaani biashara kujitia kitanzi. Hapo maji humwagika juu ya mwamba na kujikunja kurudi nyuma, yakatengeneza shimo linaloshika chombo na kukizungusha. Povu lake limejaa hewa kiasi kwamba hata jaketi huelea kwa shida. Abiria hushuka na kutembea juu ya mawe meusi yenye moto, huku mashua zikipitishwa kando au zikiachiwa mto bila mtu ndani. Msafiri anayetaka kuipima kampuni hana haja ya kusoma matangazo yake. Aulize inafanya nini mkondo wa tisa. Inayojigamba kuupitisha wageni wake imekwisha kujibu.

Mchanga wa kulala

Wanaotoka siku ile ile huachana na wenzao baada ya mikondo yenye nambari, na korongo hunyamaza. Kutoka hapo kundi dogo la mashua huwa peke yake. Mwewe wadogo adimu wajulikanao kama kozi wa Taita, ambao jina lao lilitoka katika kaunti yetu ya pwani, huzaliana katika kuta hizi.

Kutafuta kambi huanza alasiri, saa moja au mbili kabla ya giza. Nahodha huchagua mchanga mkavu ulio juu ya alama ya maji, usio karibu na mdomo wa kijito kinachoweza kujaa ghafla mvua ikinyesha mahali asikokuona. Huangalia pia nyayo. Mamba wapo tangu sehemu za juu, ingawa huko wengi ni wadogo, na kadiri mto unavyotulia kuelekea chini ndivyo wanavyokuwa wakubwa na viboko kuongezeka. Kwa hiyo watu huoga kwa kuteka maji au katika maji mafupi yanayoonekana hadi chini, hakuna anayekwenda ukingoni peke yake usiku, na mashua huvutwa juu na kufungwa.

Jiko hupangwa kwanza, mahema baadaye. Maji ya kunywa huchujwa na kutiwa dawa. Moto huwashwa ndani ya karai la chuma ili majivu yasibaki mchangani. Katika safari zinazoendeshwa kwa uangalifu, hata kinyesi hubebwa ndani ya kasha lililofungwa barabara hadi mwisho wa safari. Jambo hilo huwachekesha wageni jioni ya kwanza. Katika Grand Canyon nchini Marekani ni sharti la kisheria, na sababu yake ni nyepesi: fukwe ni chache, na wanaokuja kesho watalala pale pale.

Huko huko Grand Canyon kuna somo kuhusu mchanga wenyewe. Tangu Bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuzuia maji ya Mto Colorado mwaka 1963, mchanga uliokuwa ukiteremshwa na mto hubaki nyuma ya ukuta. Fukwe za kupigia kambi zimekuwa zikiliwa na maji bila kujazwa tena. Aidha maji hupanda na kushuka kila siku kufuatana na mahitaji ya umeme mijini, hata msafiri aliyefunga mashua majini jioni akaikuta asubuhi imekaa juu ya mawe.

Zambezi bado haina ukuta wa aina hiyo juu ya korongo. Kizuizi kikubwa cha safari ni Maporomoko ya Moemba, ambapo mto mzima hujibana na kuanguka. Hapo hakuna mjadala wa madaraja. Mizigo yote hufunguliwa, mashua hutolewa majini, na kila kitu hubebwa kwa mikono juu ya mawe hadi chini ya maporomoko. Kazi hiyo huweza kula nusu ya siku, na ndipo abiria huelewa uzito wa nyama baridi aliyoisifu jana.

Usalama nao usifichwe. Watu wamekufa katika mto huu, baadhi yao wakiwa na jaketi na nahodha mzuri. Anayevunjika mguu siku ya tatu hutibiwa kwanza na waliopo, kisha simu ya setilaiti huita helikopta, na kama helikopta haiwezi kutua hubebwa kupanda korongo. Anayejiandikisha ana haki ya kuuliza kama manahodha wana vyeti vya uokoaji katika maji ya kasi, kuna waokoaji wangapi katika kayaki, na nani anagharamia helikopta. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huutenga mchezo huu kwa maandishi madogo.

Mkate wa korongo

Safari ya kwanza ya mashua za mpira kutoka chini ya maporomoko ilifanywa mwaka 1981 na kundi la Wamarekani. Manahodha wa mwanzo wa biashara hii walitoka ng'ambo. Leo wengi ni Wazambia na Wazimbabwe, na baadhi yao huajiriwa katika mito ya mabara mengine kwa sababu aliyejifunza Zambezi hahitaji kujieleza sana. Wapo pia wachukuzi kutoka vijiji vya pande zote mbili, wanaoteremka korongoni na kupanda na mashua mabegani katika njia ambayo mgeni huipanda mikono mitupu akihema. Kwa kijiji kisicho na kiwanda wala shamba la kunyunyizia maji, ujira huo si wa kupuuzwa.

Mpango wa Bwawa la Batoka ungeweka ukuta wa mita 181 takriban kilomita 50 chini ya maporomoko. Ungezalisha megawati 2,400 zitakazogawanywa sawa kati ya Zambia na Zimbabwe. Maji yangerudi nyuma hadi karibu na maporomoko yenyewe, ambayo ni turathi ya dunia tangu 1989, na mikondo karibu yote yenye nambari ingelala chini ya ziwa. Mwaka 2019 kampuni za Marekani na Uchina zilichaguliwa kulijenga, lakini mwaka 2023 Zambia ilijitoa katika mpango huo ili zabuni itangazwe upya. Mwaka 2025 nchi hizo mbili zilikuwa zingali zikitafuta fedha.

Haitakuwa haki kusema kwamba wanaolitaka bwawa hawana hoja. Ukame wa 2023 na 2024 ulilipunguza Ziwa Kariba hata Zambia, inayotegemea maji kwa sehemu kubwa kabisa ya kawi yake, ikatangaza janga la kitaifa Februari 2024. Vinyozi, wachomeleaji na wauza samaki walikaa gizani saa nyingi kwa siku. Kwao mashua za watalii ni anasa ya watu wengine. Hata hivyo, ukame ule ule ni hoja dhidi ya Batoka. Bwawa hilo lingetumia maji ya mto uo huo yanayokwenda Kariba, na mwaka ambao mvua haikunyesha Angola, kuta mbili hazina cha kuzuia kuliko moja.

Watu wa bonde hili wana kumbukumbu ya Kariba. Ujenzi wake katika miaka ya 1950 uliwahamisha Watonga takriban 57,000 kutoka kingo za mto. Wenyewe walisema joka la mto, Nyaminyami, lilitenganishwa na mkewe na ukuta ule, na mafuriko makubwa ya 1957 na 1958 yaliyobomoa kazi za wajenzi yalitajwa kuwa hasira yake. Baadhi ya manahodha huvaa kidani cha joka hilo shingoni.

Mfano wa karibu zaidi na Kenya uko Jinja, Uganda. Mto Nile hapo ulikuwa na mikondo iliyovuta wageni kutoka kote duniani tangu miaka ya 1990. Bwawa la Bujagali la megawati 250, lililozinduliwa 2012, liliyazamisha Maporomoko ya Bujagali. Serikali ilikuwa imeahidi katika mkataba wake na Benki ya Dunia wa mwaka 2007 kwamba eneo la Kalagala, chini kidogo, litahifadhiwa kama fidia. Kisha likaja Bwawa la Isimba la megawati 183, lililozinduliwa 2019, na maji yake yakafunika sehemu ya eneo hilo lililoahidiwa. Mashua bado zinateremka Jinja, katika mikondo iliyobaki.

Batoka, ukianza kujengwa, utachukua miaka kadhaa. Katika muda huo mto utaendelea kupungua kila Agosti, na wachukuzi watateremka na mashua mabegani hadi kwenye kizingia cha maji chini ya maporomoko, kinachoitwa Boiling Pot, chungu kinachochemka. Kwenye michoro ya wahandisi, maji ya bwawa yanakoma karibu na hapo.